Donati za Afya Zitanimaliza

Mimi sina ugomvi na donati. Hilo lieleweke mapema, nisije nikaambiwa nina chuki. Ugomvi wangu ni na hayo maneno mawili yaliyobandikwa nyuma yake: "za afya". Kitu kikishaitwa cha afya humu ndani, ujue kimeshang'olewa kile nilichokuwa nakipendea, na mimi natakiwa nitafune huku nikishukuru.

Yalianzia kwa daktari. Aliitazama karatasi ya vipimo, akanitazama mimi, akairudia karatasi, kama askari anayelinganisha picha ya kitambulisho na sura iliyo mbele yake. Akasema, "Mzee, lehemu kwenye damu imepanda. Vya kukaanga upunguze." Punguza. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Sasa mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni ameukumbatia mkoba, yeye akasikia "acha". Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Naujua ukimya huo. Hapo mtu hajanuna, anapanga.

Na jamani, nilikuwa nakula donati moja. Moja! Ya kukaanga, asubuhi, na chai. Ukiishika vidole vinang'aa, ukiing'ata sukari inakumwagikia kwenye shati. Namaliza, najifuta, naenda zangu kazini na amani yangu. Hiyo namba moja naomba mnishikie, nitaihitaji baadaye.

Jumamosi asubuhi naamshwa. "Baba watoto, leo tunaoka donati."

Hiyo "tuna" ya mke wangu ina mambo. "Tunafua mapazia" maana yake mimi niko juu ya kiti nayashusha. "Tunahamisha kabati" maana yake mgongo wangu. Kwa hiyo aliposema tunaoka, nilivaa ndara nikaelekea jikoni kama mtu anayeripoti zamu.

Nikajaribu kujitetea kidogo. Nikauliza, kama shida ni mafuta, si tukaange kwa mafuta machache? Binti yetu yuko sekondari, sayansi imemkaa kichwani, na hana huruma. "Baba, donati inataka kuelea kwenye mafuta ya moto, kama nyuzi 180 hadi 190. Ikiwa humo ndani, maji ya kwenye unga yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Ukiitoa ikaanza kupoa, mvuke unanywea, na mafuta yaliyobaki juu yanafyonzwa ndani." Yaani kumbe wakati mimi nimeiweka kwenye sahani naisubiri ipoe kistaarabu, yenyewe inakunywa! Mafuta yakiwa ya uvuguvugu ndiyo balaa zaidi, inalowa kama sponji.

Nikasema sawa, na oveni tunaweka ngapi? "180." Nikafurahi, nikaona basi ni yale yale. Akanicheka. "Baba, ingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa sekunde moja, utautoa mzima. Ingiza kwenye mafuta ya nyuzi 180." Sikuhitaji kumaliziwa. Hewa inapitisha joto kwa uvivu, mafuta yanapitisha kwa ukatili, na lile ganda la nje ninalolipenda mimi linatengenezwa na ukatili huo. Hewa haina ubavu wa kulitengeneza. Kwa hiyo hata kabla hatujavunja yai nilishajua nimedhulumiwa. Donati ya kuoka ni keki iliyotobolewa. Sitaki mtu anibishie.

Vipimo vilikuwa hivi: unga wa ngano usiokobolewa gramu 250, sukari gramu 100, mayai mawili, mtindi karibu kikombe, siagi ya kuyeyusha gramu 40, beking pauda, mdalasini, chumvi kidogo tu. Hamira hamna. Mke wangu alisema donati ya hamira inaokwa pia, ila inataka kuumuliwa na kusubiriwa, na yeye ananijua mimi na kusubiri.

Nikaleta hoja ya asali. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: tutoe sukari, tuweke asali, ni ya asili. Binti hakunyanyua hata kichwa kwenye mizani. Shirika la Afya Duniani, anasema, mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo 10 ni gramu 50 hivi. "Na asali wameihesabu humo humo, baba." Hata nyuki hawakuachwa.

Nikapewa mwiko nikoroge. Maelekezo yalisema ukichanganya vikavu na vya maji, koroga mpaka unga mkavu usionekane, basi, acha na mabonge madogo madogo. Sasa mimi nililelewa kwamba bonge ni aibu. Nikikoroga kitu nakikoroga. Nikakizungusha kile kibakuli mpaka bega likalia, rojo likawa laini kama rangi ya ukuta, linavutika ukiinua mwiko. Nikageuka nisifiwe. Mke wangu alikuwa ameshika kiuno. Kumbe kadiri unavyokoroga ndivyo ngano inavyojifunga nyuzi nyuzi, na matokeo yake unaoka raba. Nikauliza kwa nini hakunizuia. Akasema alifikiri namtania.

Hapo ikaja habari ya trei. Kuna trei za donati, zina mashimo ya mviringo na kinundu katikati. Sisi hatuna. Tuna ile ya keki ndogo za vikombe. Dawa yake, wanasema, ni kuviringisha foili uwe mnara mdogo, unausimamisha katikati ya kila kikombe, rojo linazunguka, tundu linapatikana. Minara kumi na miwili! Kazi ya nani? Ya "tuna".

Nikaanza. Nakata kipande, nakikunja, nakizungusha kwenye kidole, nakibana kitako kisimame. Wa kwanza ukasimama vizuri, nikaujivunia. Wa pili ukalala. Nikauinua, wa kwanza nao ukalala. Kufika wa saba nikawa naongea nayo: "Wewe kaa hapo. Kaa. Usinitazame." Nikauliza tundu lenyewe lina faida gani kwa maini yangu. Binti akasema kuna nahodha mmoja Mmarekani, Hanson Gregory, aliyedai kwamba tundu alilibuni yeye mwaka 1847 akiwa kijana melini. Donati za wakati huo zilikuwa zinaiva pembeni, katikati zinabaki mbichi, akachukua mfuniko wa kopo la pilipili manga akatoboa. Mtu yuko katikati ya bahari, ana mawimbi ya kumshughulisha, anatoboa donati! Na mimi huku nchi kavu nahenyeka na minara.

Rojo linamiminwa kwa mfuko wa plastiki uliokatwa ncha. Kata ncha ndogo, nikaambiwa. Nikakata ndogo. Rojo langu la raba likagoma kupita. Nikaminya. Likagoma. Nikaminya kwa mikono miwili, na mfuko ukaamua kupasukia upande ambao sikuukata. Robo ya kiamshakinywa ikatua kwenye ndara ya kushoto, vuguvugu, inanukia mdalasini. Nasema kweli, hakuna mwanaume anayebaki na heshima yake akiwa amesimama jikoni na donati kati ya vidole vya mguu.

Kilichobaki nikakijaza kwa kijiko. Kikombe kijazwe theluthi mbili tu, nikakumbushwa. Lakini mtu akishapoteza robo ya mali anakuwa mchoyo kwa namna ya ajabu. Nikajaza vikombe vya mwanzo mpaka juu, nione angalau kimoja kimeshiba, na vya mwisho vikapata cha kulamba.

Dakika kumi hadi kumi na mbili. Nikachuchumaa mbele ya kioo cha oveni. Dakika ya tano rojo likaanza kupanda. Dakika ya saba likafika kichwa cha minara. Dakika ya nane likaifunika, taratibu, kama maji ya mafuriko yanavyomeza nguzo za uzio. Dakika ya kumi hapakuwa na mnara wala tundu. Nikanyamaza. Nikaona nisitangaze msiba kabla ya wakati.

Zikatoka. Zimevimba, zina vichwa kama uyoga, na ndani ya kila moja kuna kipande cha foili kimezikwa. Tukaitoa kwa vidole, ikatoka vipande. Mimi nikapata kilichobaki. Nina jino la nyuma lililozibwa kwa madini, na foili ilipoligusa nilipata shoti mpaka nyusi zikanyanyuka zenyewe. Mwanangu mdogo akasema, "Baba rudia."

Ladha? Ya kwanza niliitafuna muda mrefu kidogo, nikiwaza. Mke wangu akasoma uso wangu, akasema ngoja. Akayeyusha siagi gramu 60, akamwaga sukari na mdalasini kwenye sahani, gramu 100 nyingine. Unachovya kwenye siagi, unagaragaza kwenye sukari. Hapo jamani, hapo! Vidole vikaanza kung'aa. Nikala ya pili. Nikala ya tatu, maana hazijakaangwa. Ya nne nilikula nikiwa nasifia uamuzi wa familia. Ya tano sikumbuki vizuri.

Nilipoinua kichwa, binti ana karatasi na kalamu. Alikuwa amejumlisha kila kilichoingia. Ikiwa tupu, donati moja ilikuwa kama kalori 150. Siagi na sukari za juu zikaongeza karibu 70. "Baba, umekula tano. Hata kama moja ilikuwa tupu, ni kama kalori 1,000. Ile yako moja ya kukaanga ilikuwa 250 hivi." Akaendelea, "Na sukari ni gramu 75. Kumbuka ile 50." Mke wangu akaacha kutafuna. Sahani ikasogezwa polepole kutoka mbele yangu.

Moja! Si niliwaambia mnishikie ile moja?

Nikatafuta pa kushika. Nikasema hesabu ina kasoro, kwamba donati ina tundu, na tundu haliliwi, kwa hiyo apunguze matundu matano.

Binti akachukua donati moja iliyobaki, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaniwekea mbele ya macho.

"Tundu liko wapi, baba?"