Turubai la hema Mwanza: jua ndilo adui wa kwanza

Mnunuzi wa turubai hapa Mwanza karibu kila mara huanza na swali moja: "Halivuji?" Sidhani kama ndilo la kuanza nalo. Karibu kila turubai jipya halivuji siku unayolinunua. Jua hulichakaza kwanza, kisha mvua ndiyo inapata pa kupita. Mji huu uko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima.

Ndiyo maana maturubai mepesi ya plastiki iliyofumwa, yale ya bluu, hayafai kwa hema la kudumu. Kufunikia dagaa pale soko la samaki la Mwaloni kwa msimu mmoja, sawa. Yakikaa juani miezi mingi, nyuzi hukauka, hukatika kwenye mikunjo na kupukutika kama unga. Hapo kiraka hakishiki tena.

Kwa mahema ya harusi na misiba, chukua PVC: kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki pande zote mbili, chenye kinga ya jua, kisichopungua gramu 600 kwa mita ya mraba. Maandishi ya kwenye lebo usiyategemee, omba mizani. Turubai la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20, kwa hiyo la gramu 600 lazima lifike kilo 12. Mizani ikisoma kilo 8, hilo ni la gramu 400, hata likionekana nene. Kisha kunja kona na usugue ukingo uliokatwa kwa kucha. Plastiki ikibanduka kwenye kitambaa, liache.

Hema la kulala ni habari nyingine. PVC haipitishi hewa, hivyo alfajiri pumzi za waliolala hugeuka matone ndani, mtu akadhani linavuja. Hapo nasimama na pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta, ya gramu 350 hadi 400, japo bei yake inauma. Uzi wa pamba ukilowa huvimba na kuziba vitundu vya ufumaji. Kwa hiyo hema jipya lisimamishe bila kulivuta sana, lilowanishe lote, liache likauke kabisa, urudie mara mbili au tatu kabla ya kuvuka nalo kwenda Ukerewe. Usilifue kwa sabuni ya unga, huondoa dawa ya kuzuia maji. Brashi laini na maji matupu vinatosha.

Mishono ndiyo inayosahaulika. Mwambie fundi atumie uzi wa poliesta na apige mistari miwili. Uzi wa pamba kwenye PVC huoza wakati turubai bado zima. Penye maungio, PVC iliyounganishwa kwa moto ni bora kuliko iliyoshonwa. Ringi, yaani vile vitundu vya chuma vya kupitishia kamba, ziwe kila nusu mita, na kila kona iwekewe tabaka la pili chini ya ringi, la sivyo upepo wa ziwani utazing'oa.

Paa lisilegee. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 6 kwa 6 ni lita 720. Theluthi yake tu ikituama katikati, nguzo zimebeba kilo 240. Na vilimani kwenye mawe, ambako vigingi haviingii, tumia viroba vya mchanga. Kimoja cha kilo 25 kwa kila mguu hakitoshi hema kubwa.

Mvua za ziwani hupenda kunyesha usiku kuamkia asubuhi, kwa hiyo mara nyingi hema hukunjwa likiwa bichi. Lifungue na kulianika siku hiyohiyo, hasa la pamba, kabla ukungu haujaanza kula nyuzi. Likikauka, likunje kwa mistari tofauti na ya mara iliyopita, ulihifadhi juu ya chaga za mbao, si kwenye sakafu ya saruji.