Kioo cha mbele: huku sikiondoi, nyumbani sikitaki

Mara ya kwanza mdogo wangu kuiona picha ya pikipiki yangu ya huku ughaibuni, alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniuliza, "Kaka, hiyo ni pikipiki au kabati la vyombo?" Kilichomchekesha ni kioo kirefu cha mbele. Sikumlaumu. Kabla sijahama hata mimi niliamini kioo ni cha wazee na waoga.

Imani hiyo iliisha asubuhi moja tu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 5, nami nikaingia barabara kuu kifua wazi, yaani koti ninalo ila mbele yangu hakuna kitu. Ukienda kilomita 100 kwa saa katika nyuzi 5, ngozi iliyo wazi inapigwa baridi kama ya nyuzi 3 chini ya sifuri. Vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyoshika breki. Nilipofika nilishindwa hata kuchomoa ufunguo. Wiki hiyohiyo nikafunga kioo.

Halafu kuna nguvu ya upepo wenyewe. Mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo wa upepo unaongezeka mara nne. Kwa kilomita 50 upepo unakupapasa. Kwa 100 unakuvuta shingo na mikono, unaning'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Saa moja ya namna hiyo inachosha kuliko kupalilia. Kwa anayesafiri mbali kila siku kwa kasi ya barabara kuu, kukataa kioo huku ni ubishi tu.

Sasa mkiniuliza kuhusu nyumbani, kwenye joto, najibu kinyume, wala sijigeuzi. Kule upepo ndio feni yako. Jasho likikauka mwili unapoa. Ukiuzuia upepo unabaki unachemka ndani ya koti, joto la injini nalo linakupandia miguuni. Na mwendo wa mjini wa kilomita 30 au 40 hauna upepo wa kumchosha mtu. Wapo wanaosema kioo kitawakinga na vumbi. Jaribuni mwone. Nyuma ya kioo hewa ina msukumo mdogo, kwa hiyo vumbi linazunguka pembeni na kuvutwa ndani, likutue kifuani vilevile. Helmeti yenye kioo chake cha uso inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hiyo huivui uwe na kioo cha mbele au usiwe nacho.

Kosa langu kubwa, ambalo nimeona wengi wakilirudia, lilikuwa kudhani kirefu ndiyo bora. Kioo changu cha kwanza kilinifika machoni. Hewa ikawa inaviringika juu ya ukingo na kunipiga utosini, kichwa kinatikisika, na makelele ndani ya helmeti yananiachia masikio yakivuma mpaka jioni. Nikailaumu helmeti, nikanunua nyingine. Pesa bure! Siku moja, kwenye barabara tupu, nikainuka kidogo juu ya vikanyagio, kelele zikashuka ghafla. Kumbe kichwa kilikuwa kimetoka kwenye ule mvurugo na kuingia hewa iliyotulia. Nilishusha kioo kama sentimita 5, kichwa kikatulia. Tangu hapo huwa nataka ukingo uishie usawa wa pua, niangalie juu yake, si kupitia ndani yake. Mvua ikinyesha kioo hakina waipa, na usiku plastiki yenye mikwaruzo hutawanya taa za magari yanayokuja mpaka huoni njia.

(Mikwaruzo hiyo mingi tunaiweka wenyewe. Wadudu waliokauka hulowekwa kwa kitambaa chenye maji, kisha hufutwa taratibu. Anayesugua kwa petroli atakuta kioo kina ukungu na nyufa.)

Kuna jambo moja ambalo kioo hakinisaidii kabisa, nalo ni upepo wa ubavuni. Changu kimefungwa kwenye usukani, kwa hiyo lori likinipita, dhoruba yake inashika kioo na kioo kinashika mikono yangu. Vilivyofungwa kwenye fremu havisumbui hivyo. Ningekuwa nanunua leo, ningeanza kutazama hapo kabla ya urefu na umbo.

Mdogo wangu yule mcheshi amepata kazi ya kusafiri kati ya miji. Anaondoka alfajiri, baridi haijaisha, na njia ni ndefu. Juzi kaniomba, kwa sauti ya chini, nimtafutie kioo. Nimemwambia cha kwangu hakimfai, yeye ni mrefu kuliko mimi. Akae kwenye pikipiki yake kama anavyoendesha, mtu ampime kutoka kwenye taa ya mbele hadi usawa wa pua, anitumie hiyo namba. Na kiwe cha kufungua kwa skrubu nne, maana saa nne jua likishapanda atataka kukivua.