Mwanzi ukichanua, utamuuliza nani?

Mwanzi unaotambaa, ule ambao mashina yake ya chini ya ardhi huchipukia hadi uwani kwa jirani, umewagombanisha majirani wengi Marekani hadi serikali za majimbo zikaingilia kati. Connecticut ilitunga sheria mwaka 2013 inayomtwika aliyeupanda hasara anayoipata jirani, na New York ikakataza kuuzwa kwa spishi mbili, Phyllostachys aurea na Phyllostachys aureosulcata. Hasira hiyo ikishapanda, walio rahisi kunyooshewa kidole ni viongozi wa kujitolea wa matawi ya American Bamboo Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1979 kusini mwa California. Si ndio wanaohimiza watu wapande?

Hoja ya wanaowalaumu haipaswi kupuuzwa. Chama cha namna hii huwavuta watu wenye mapenzi makubwa na mmea, na wenye vitalu vya kuuza miche nao wamo. Anayekushauri upande nini anaweza kuwa ndiye atakayekuuzia. Nafasi za uongozi nazo hazigombewi kwa fujo. Aliyeshika ukatibu huachiwa mpaka achoke, kwa kuwa hakuna mwingine anayeutaka. Ofisa wa serikali akikosea ana mkubwa wake. Katibu asiyelipwa utamshtaki kwa nani?

Lakini tarehe zinawatetea. Phyllostachys aurea iliingia Alabama mwaka 1882, na hiyo nyingine iliingia mwanzoni mwa karne ya 20, miongo mingi kabla chama hakijazaliwa. Tangu mwaka 1918 Marekani imebana uingizaji wa mianzi hai kwa kuogopa magonjwa, na waanzilishi wa chama hawakupita njia ya panya: walianzisha kibanda cha karantini katika bustani ya mimea ya Encinitas ili miche ichunguzwe kwanza. Mtu anayetaka kueneza gugu hajisumbui hivyo.

Na kuna kazi ambayo wakosoaji huwa hawaigusi kabisa: kutunza kumbukumbu ya asili ya kila mwanzi. Mianzi mingi hukaa miaka mingi bila ua. Siku yake ikifika, ile yenye asili moja huchanua karibu wakati mmoja popote ilipo, na mara nyingi hufa baada ya hapo. Mwaka 1907 mkusanyaji wa mimea Ernest Wilson alichukua huko Hubei, China, mwanzi ambao leo huitwa Fargesia murielae. Ukapelekwa Boston, kipande chake kikafika bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1913, kikagawanywa na kugawanywa tena, bustani hadi bustani, Ulaya nzima. Maelfu ya mianzi iliyopamba nyua za watu, kwa hakika, ilikuwa mmea mmoja. Miaka ya 1990 mmea huo ulichanua huku na kule, ukafa. Mbegu zake zilizaa kizazi kipya, na mmoja wa watoto hao akapewa jina Simba.

Jiweke katika nafasi ya mnunuzi wa wakati ule. Mche unaoletewa una urefu wa goti, majani mabichi, bei ya kawaida. Ukiwa umetoka kwenye mbegu mpya, utakufa wewe kabla yake. Ukiwa kipande cha shina la zamani, ni mzee anayesubiri siku yake, na ukianza kukauka utadhani ni ugonjwa, utanunua dawa, utamwaga maji. Macho hayatofautishi. Kinachotofautisha ni daftari linalosema nani alipata kipande kwa nani, na mwaka gani. Muuzaji hana haraka ya kuliandika. Ofisi ya serikali inahesabu bajeti ya mwaka mmoja, ilhali Phyllostachys nigra ya aina ya Henonis huchanua takriban kila baada ya miaka 120. Hakuna mwajiri anayetoa mkataba wa muda huo. Waliobaki ni wapenzi wa mianzi wanaokutana Jumamosi.

Ila hao nao wanazeeka, na hapo ndipo ninapoona udhaifu wao wa kweli, kuliko hilo la magugu. Kumbukumbu ikikaa kichwani mwa mtu mmoja, inazikwa naye. Kumlipa katibu mshahara hakutaponya hilo. Kuweka nakala ya daftari katika maktaba ya bustani ya mimea kutasaidia, na kiongozi mwenye kitalu aseme wazi kwamba anauza kabla hajashauri.

Kenya iliutangaza mwanzi kuwa zao la biashara mwaka 2020, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ilikuwa imeanza zamani kujaribu spishi za Asia. Anayeuziwa Dendrocalamus giganteus, mwanzi mkubwa wa Asia, leo huuliza bei ya mche na miaka ya kusubiri mavuno. Aulize pia mche umetoka mbeguni au umekatwa kwenye mwanzi upi, kisha kikundi chake cha wakulima kiliandike jibu hilo sasa, wakati miche bado inahesabika.