Kirusi Chala Michango

Kikao cha kamati ya harusi ya dada yangu kilifanyika barazani kwetu Makorora, Tanga. Mama ndiye katibu. Akachomeka flashi kwenye kompyuta, wajumbe wakasogea wauone mchango ulipofikia. Folda ya MICHANGO ilikuwa na kimshale kwenye kona. Kubofya, hola. Folda zote zimegeuka shotikati, yaani njia za mkato tu.

"Mahesabu yako wapi?" akauliza shangazi, huku macho hayaitazami kompyuta, yanamtazama mjomba, mweka hazina, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa kanunua pikipiki.

Mama akaita fundi kutoka Ngamiani. Fundi akafuta shotikati, akanywa chai, akala na kitafunwa chake cha kibibi, akalipwa. Kesho yake zimerudi. Akaitwa tena, akafuta tena, akala tena. Kirusi kinanona, fundi naye ananona, na mjomba hata salamu haitikiwi.

Mimi niko Muheza kikazi. Niliporudi Jumamosi ndipo nikaona kinachoendelea. Fundi alikuwa anafuta kinachoonekana tu. Mzizi wenyewe, kifaili cha amri kinachoishia na .vbs, ulikuwa umejificha ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Windows ikiwaka, wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha vifaili vya aina hiyo, inakiamsha, nacho kinasubiri flashi yoyote: kinaficha folda zake na kuweka shotikati mahali pake. Flashi ya zana za fundi nikaiomba niitazame. Vimshale vitupu! Huyo akisafisha nyumba hii asubuhi, jioni kaipelekea jirani.

Na fayawoli, mlinzi wa kompyuta upande wa mtandao, ilikuwa imezimwa. "Ilikuwa inasumbua sumbua," akasema fundi. Nikaiwasha. Haikupita nusu saa, dirisha likatokea kuuliza kama programu fulani iruhusiwe kupokea mawasiliano kutoka nje. Sijafika kwenye kiti, mama keshabonyeza "Ruhusu".

"Mama! Hata hujasoma!"

"Mwanangu, mtu kabisha hodi, nimfukuze?"

Sasa hapo utamjibu nini mama wa Kitanga? Nikaifuta ruhusa ile kimyakimya.

Fayawoli peke yake isingetusaidia, maana inalinda upande wa mtandao na mgeni wetu kaja kwa flashi. Tena kwa kawaida ile ya Windows huzuia wanaoingia bila kuitwa, lakini programu za ndani zikitaka kutoka huziachia. Kwa hiyo nikachomoa intaneti, nikaisimamisha wscript.exe kwenye Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea, nikafuta kile kifaili pamoja na kinachokiamsha kompyuta ikiwaka. Halafu nikaiwekea fayawoli kanuni ya kuizuia wscript.exe isitoke nje. Flashi zote za nyumbani nikazipitisha kwenye antivairasi, ya fundi pia, bure. Mwisho nikaandika amri ya kuzifichua folda za kwenye flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda ya MICHANGO ikachomoza, nzima, haijapungua hata jina.

Mjomba akataka isomwe mbele ya kamati nzima, kwa sauti, jina moja moja. Mama akavaa miwani, akaanza. Fedha zote zipo. Akafika kwa shangazi: ahadi, shilingi 200,000, zilizolipwa, sifuri.

Baraza lote kimya. Mjomba kainama anafuta tope kwenye pikipiki, wala halina tope.

Shangazi akajifunga kanga vizuri, akaisogelea kompyuta, akaikagua juu mpaka chini.

"Wifi," akamwambia mama, "hicho kirusi bado kimo."