Guillermo Tolentino hakuwa mwigaji wa Roma

Wachambuzi wa sanaa ya Ufilipino hupenda kumweka mchongaji sanamu Guillermo Tolentino (1890–1976) upande mmoja na mwanafunzi wake Napoleon Abueva upande wa pili: mwalimu aliyeganda kwenye mitindo ya Roma, na kijana aliyeleta usasa. Hoja hiyo ina uzito. Abueva alifanya kazi kwa mbao ngumu kama molave, marumaru, chuma na saruji, akaliacha umbo lifuate tabia ya kitu chenyewe. Misuli na mikunjo ya nguo ya Tolentino ni ya vyuo vya Ulaya, na hilo halifichiki.

Lakini uzunguke mnara wa Andrés Bonifacio, shujaa wa mapinduzi dhidi ya Hispania, mjini Caloocan, uliozinduliwa 1933. Sanamu ya Balintawak ya 1911 ilikuwa imewazoesha watu mpiganaji anayepaza sauti, panga juu, bendera mkononi, na wengi wakaamini huyo ndiye Bonifacio. Tolentino hakuufuata mkumbo. Aliwahoji wanamapinduzi wa Katipunan, chama cha siri cha Bonifacio, waliokuwa bado hai, na kwa mifupa ya uso akamchunguza Espiridiona, dada wa shujaa. Akamvika barong, shati la heshima la Kifilipino, akampa panga na bastola, akamsimamisha ametulia katikati ya kundi la watu 23 wenye msukosuko. Utulivu huo ndio unaodharauliwa kuwa ubaridi wa kitaaluma. Mimi nauona kuwa hoja ya kihistoria: Bonifacio alikuwa mwasisi na mpangaji wa chama hicho, hakuwa mtu wa kukurupuka. Na kati ya sanamu hizo wamo mapadri watatu walionyongwa na utawala wa Hispania 1872, hivyo mtazamaji anakiona chanzo cha hasira pamoja na kiongozi wake. Ufundi ni wa Roma, ila utafiti na hukumu ni vya Ufilipino.

Wakosoaji wake wana nguvu zaidi kwenye Oblation ya 1935, sanamu ya mita 3.5 ya mtu aliyenyoosha mikono, ya Chuo Kikuu cha Ufilipino: zege lililopakwa rangi lifanane na shaba nyeusi. Kwa anayedai nyenzo isijifiche, hilo ni kosa, na kiufundi lina hatari yake. Zege huhimili kukandamizwa, halihimili kuvutwa. Mikono iliyonyooshwa hivyo hutegemea nondo za ndani. Pale zege linalozifunika nondo linapokuwa jembamba, unyevu hupenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba na zege hupasuka kutoka ndani. Shaba nyeusi haina shida hiyo, lakini inataka kalibu ya nta, tanuri la kuyeyusha nta itoke, kisha shaba yenyewe iyeyushwe kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za selisiasi. Gharama yake ni ya aina nyingine kabisa. Tangu 1958 nakala ya shaba nyeusi ndiyo inayosimama nje kwenye kampasi ya chuo hicho ya Diliman, na ile ya zege imehifadhiwa ndani ya jengo la maktaba. Umbo halikuhitaji kubadilishwa. Kilichobadilishwa ni nyenzo tu.