Forester au CX-5? Anza na giaboksi

Ukisoma vipimo tu, utadhani Subaru Forester ya kizazi cha nne (SJ, 2012 hadi 2018) na Mazda CX-5 ya kizazi cha kwanza (KE, 2012 hadi 2017) ni gari moja lililobandikwa nembo mbili. Forester ina urefu wa milimita 4,595, CX-5 ina 4,540. Injini ya petroli ya lita 2.0 ya Subaru hutoa nguvu za farasi 148, ya Mazda 155, na msukumo wa zote mbili, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 196. Buti zote ni za karibu lita 500. Ndiyo maana ubishi wa wanunuzi huishia kwenye sura, rangi ya viti na ukubwa wa skrini, mambo ambayo hayajawahi kumlaza mtu njiani.

Kinachoyatenganisha magari haya ni njia ambayo nguvu inapita kutoka kwenye injini hadi kwenye tairi. Forester, ukiacha chache za gia za mkono, ina CVT: mnyororo wa chuma unaopanda na kushuka katikati ya puli mbili, bila gia zenye hatua. Na hata lami ikiwa kavu, nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne. CX-5 nyingi zina giaboksi ya otomatiki iliyozoeleka, gia sita na toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Zipo zinazovuta mbele tu, na zipo za magurudumu manne ambazo klachi ya umeme huunganisha nyuma pale mbele panapoanza kuteleza.

CVT ya Subaru si mbaya kama inavyosemwa mitaani, ila haivumilii uzembe. Mnyororo na puli vinashikana kwa shinikizo la oili. Oili ikichakaa, au ikiwekwa isiyo yake, shinikizo hupungua, mnyororo huteleza kidogo sana, hukwaruza uso wa puli, na chembe za chuma huingia kwenye vali bodi, sehemu inayoelekeza oili ndani ya giaboksi. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mtikisiko katika mwendo mdogo unapokanyaga mafuta taratibu. Nyingine ni injini kutaka kuzima unaposimama, kwa sababu klachi iliyo ndani ya toki konveta haiachii kwa wakati, au mlio wa kuvuma unaopanda pamoja na spidi. Nchini Marekani Subaru iliongeza dhamana ya CVT kwa baadhi ya magari yake, Forester zikiwemo, hadi miaka 10 au maili 100,000, yaani karibu kilomita 161,000. Kampuni haiongezi dhamana ya kitu ambacho hakijaisumbua.

Utaambiwa oili hiyo ni ya maisha yote ya gari. Maisha ya nani, ndilo swali. Kwa gari la mkono wa pili, kila kilomita 50,000 ni mpangilio wa busara, na kazi yenyewe inataka fundi anayejua anachofanya. Gari linakaa sawa juu ya lifti, injini inawashwa, gia zinapitishwa moja baada ya nyingine, na joto la oili linasomwa kwenye skana. Likiwa kati ya nyuzi 35 na 45 ndipo boliti ya kufurikia inafunguliwa: oili ikitiririka ilizidi, isipotoka inaongezwa. Anayemwaga na kurudisha kwa kukadiria, injini ikiwa imezimwa na giaboksi bado ya moto, anaweza kuacha upungufu mkubwa bila kujua.

Giaboksi ya Mazda ni nyepesi kwa gereji ya kawaida. Inatumia oili ya ATF FZ, yenye rangi ya bluu, na ukiimwaga hutoka takribani nusu tu kwa sababu iliyobaki imo ndani ya toki konveta, kwa hiyo watu hurudia zoezi hilo baada ya kilomita chache. Hata ikipuuzwa huwa inatoa onyo mapema: gia zinaingia kwa kishindo, au kunakuwa na kuchelewa kidogo unapotoka P kwenda D. Kwa kigezo hiki pekee CX-5 imeshashinda.

Halafu kuna tairi, gharama ambayo mnunuzi wa Forester haihesabu. Subaru inataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, kama milimita 6.4. Piga hesabu: kila milimita moja ya kashata, yaani meno ya tairi, inayolika hupunguza mzingo kwa milimita 6.28. Maana yake, tairi mpya yenye kashata ya milimita 8 ikiwekwa pembeni ya nyingine zilizobaki na milimita 5, tofauti imeshafika karibu mara tatu ya kikomo. Klachi inayogawa nguvu kwenda nyuma, ambayo imo ndani ya giaboksi, itakuwa inateleza muda wote gari linapotembea, hadi iungue. Tairi moja ikipasuka, jiandae kununua nne, au mbili za ekseli moja ikiwa zilizobaki bado ni mpya. CX-5 ya kuvuta mbele haina sharti hilo. Ya magurudumu manne inalo, ingawa nayo wengi hulisahau.

Hadi hapo Forester inaonekana kama mzigo. Subiri ufike kwenye matope. Ina uwazi wa milimita 220 chini, na CX-5 haiko mbali sana, kama 210, hivyo usidanganyike kwamba tofauti ni hiyo milimita kumi. Tofauti ni kwamba Forester haisubiri kuteleza ndipo ikumbuke kuwa ina magurudumu ya nyuma, na X-Mode, kwa matoleo yaliyo nayo, hubana breki kwenye gurudumu linalozunguka bure ili nguvu iende kwenye lililoshika. Kupanda mlima wa udongo uliolowa, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ndipo pesa yako inaporudi. Vioo vyake ni vikubwa na nguzo nyembamba, kwa hiyo unaona pembe za gari bila kutegemea kamera. Kwenye lami yenye kona hali inageuka: CX-5 inakaa chini ya mkono, usukani unaeleza tairi zinafanya nini, na giaboksi haiifanyi injini ilie kwa sauti moja unapopita lori.

Usinunue CX-5 yenye rimu za inchi 19 kwa ajili ya barabara za mashimo. Tairi yake ni 225/55R19, ukuta wake una milimita 124. Ile ya 225/65R17 ina 146. Hizo sentimita mbili ndizo zinazookoa rimu.

Kwenye injini, kila upande una dhambi yake. Injini za FB za Subaru, ndizo za Forester ya petroli isiyo na turbo, hazina taiming belti. Zina mnyororo, na tatizo la gasketi za silinda hedi lililozichafulia jina injini za EJ za zamani halikuzifuata. Zilikuja na lingine: kula oili. Huko Marekani kesi ya wamiliki wa magari ya 2.5 na 2.0 ya miaka ya 2011 hadi 2014 iliisha kwa makubaliano mwaka 2016. Chanzo ni ringi za pistoni zisizokwangua oili vizuri. Zipo FB zisizokula hata tone, kwa hiyo pima: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 2,000, pima tena injini ikiwa imepoa. Ikishuka hadi alama ya chini, umepoteza karibu lita moja, na hiyo ni nyingi. Hatari yenyewe si moshi. Ni mwenye gari kungoja taa ya oili iwake, wakati ikiwaka kwa shinikizo injini huwa imeanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani. Angalia pia uvujaji kwenye kingo za silinda hedi. Oili hudondokea ekzosi na harufu huingia ndani ukisimama. Plagi ziko ubavuni, na ili kuzifikia betri na boksi la hewa hutolewa, hivyo usishangae gharama ya kazi ikizidi bei ya plagi zenyewe.

Skyactiv-G, injini ya petroli ya Mazda, ina plagi juu, kazi ya nusu saa. Lakini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na masizi hujijenga taratibu. Gari likitetemeka likiwa baridi, na plagi na koili ni nzima, fikiria hilo kabla hujaanza kubadilisha sensa kwa kubahatisha. Ukipata ya lita 2.5, yenye farasi 188 na Nm 250, ichukue. Gari hili linaistahili kuliko ya 2.0, hasa likijaa watu na mizigo.

CX-5 ya dizeli, Skyactiv-D ya lita 2.2, ndiyo mtego. Nm 420 zinalewesha. Ila ukiendesha safari fupi fupi, kichujio cha masizi kwenye ekzosi hakimalizi kujichoma, dizeli inayopulizwa kwa ajili ya kazi hiyo huchuruzika hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili inaongezeka badala ya kupungua. Kwenye kijiti cha kupimia kuna alama ya X. Oili ikiifikia, badilisha leo. Washa za shaba chini ya nozeli nazo zikivujisha moshi, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu chini ya sampu. Turbo ndiyo hufa kwanza. Kwa mtu wa mjini ningeikataa hata kwa punguzo kubwa. Forester 2.0XT yenye turbo na farasi 280 ni gari la raha, si la kubana matumizi, na tuiache hapo.

Kwa hiyo mwenye kutembea lami siku sita kati ya saba achukue CX-5 ya petroli inayovuta mbele, bila kuona haya kwamba si fowili. Forester 2.0 isiyo na turbo ni ya yule ambaye njia ya nyumbani kwake hugeuka utelezi mvua ikinyesha na hakuna njia nyingine.

Siku ya kukagua, mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Pima oili kwanza, kisha washa usikilize sekunde kumi za mwanzo. Unganisha skana usome na makosa yaliyohifadhiwa, hata kama hakuna taa iliyowaka. Kwenye Forester, kunja usukani hadi mwisho na uzungushe gari taratibu kwenye lami kavu: likisitasita kama limebanwa breki, klachi ya kugawa nguvu imechoka, na haijalishi odomita inasema nini. Yenye EyeSight, mfumo wa kamera wa kuzuia ajali, kagua kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, maana kamera zake mbili zinataka kupangwa upya na kioo kisicho sahihi huzifanya zijizime. Kwenye CX-5 yenye breki ya mkono ya umeme, uliza pedi za nyuma zilibadilishwa vipi. Aliyezirudisha pistoni kwa nguvu bila kuweka mfumo kwenye hali ya matengenezo anaweza kuwa ameshaharibu mota. Mwisho soma kashata za tairi zote nne kwa kipimo, si kwa macho, uandike namba zake kabla ya kuzungumza bei.