Bibi anavyochelewa kwenye Nasadiki

Parokiani kwetu hapa Mwanza Nasadiki, ile sala ya kukiri imani kwenye Misa, husaliwa kwa mwendo wa daladala ya Igoma iliyojaa. Tukishavuka "akazikwa" hakuna breki tena. Kanisa moja, takatifu, katoliki la mitume hupitwa kama kituo kisicho na abiria, na kabla hujavuta pumzi msomaji wa maombi ameshika maikrofoni. Bibi yangu ndiye hubaki nyuma. Kila Jumapili namsikia akimalizia peke yake: "Nangojea na ufufuko wa wafu."

Nilidhani ni uzee. Kumbe ni mjomba. Mwanawe wa tatu alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Ukerewe, na usiku mmoja wa upepo mtumbwi ulikutwa bila yeye. Tulikaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, siku tisa tukisubiri ziwa limtoe, maana kwa kawaida hutoa. Halikumtoa. Misa ikasomwa mbele ya picha, na mpaka leo hatuna kaburi la kupalilia.

Kwenye matanga alisimama mhubiri mmoja, akatuambia tusilie mwili. Mwili ni ganda, alisema, ni nguo iliyovuliwa. Roho iko kwa Baba, na hilo linatosha. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia. Sasa naifuta amina yangu. Naelewa alitaka kutufariji, lakini alichosema sicho Kanisa linachokiri. Kanuni ya Mitume, ile Nasadiki fupi, inasema ufufuko wa *miili*. Habari ya mwili kuwa ganda la kutupwa ni ya wanafalsafa wa Kigiriki, na Paulo alipoupeleka ufufuo Athene baadhi yao walimdhihaki, imo kwenye Matendo 17. Mhubiri wetu wangempigia makofi.

Na mstari wa bibi haukuwapo tangu mwanzo. Maaskofu walipokutana Nisea mwaka 325 (huko Uturuki ya leo, mji ulio kando ya ziwa, jambo ambalo hunifurahisha bila sababu ya maana), ugomvi ulikuwa na padri mmoja, Ario: je, Mwana ameumbwa? Wakajibu kwa maneno tunayoyakimbia kila Jumapili, "aliyezaliwa bila kuumbwa". Kanuni yao ikaishia kwa Roho Mtakatifu, basi. Ile tunayoisali inahusishwa na mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 381, na humo ndimo mlimo ubatizo mmoja, ufufuko wa wafu na neno lile "nangojea". Kila ninapolifikiria naona ni neno la mtu aliyekaa mwaloni. Halisemi "najua tarehe", wala halisemi "yamekwisha".

Anayenielewa vizuri kuliko wanakwaya wenzangu ni Msabato. Ni mzee mwenye meza ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Jua likizama Ijumaa anafunika turubai, hata kama wateja wa Dar wamesimama na pesa mkononi. Imani za kanisa lake anazijua kwa namba. Ziko 28. Zilikuwa 27 tangu mwaka 1980, ikaongezwa moja mwaka 2005. Kifo na ufufuo ni namba 26: wafu wamelala, hawajui neno lolote, kama asemavyo Mhubiri 9:5, mpaka Bwana atakapowaita. Hapo tunagombana. Mimi namwambia roho haizimiki kama karabai, na kwamba tunawaombea walio toharani, wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, na nikimtajia Wamakabayo wa Pili sura ya 12, ananijibu, "Mwanangu, hicho kitabu kwenye Biblia yangu hakimo." Hatujawahi kumaliza, na sidhani tutamaliza. Ila kuhusu mwili yuko karibu na Nasadiki kuliko nusu ya waliosimama pembeni yangu kanisani. Kwake mtu hajakamilika mpaka afufuliwe. Kwangu pia, na huo ndio msimamo wa Kanisa langu hata kama mimbarini hausikiki sana.

Kwetu hapa si suala la mafundisho ya kipaimara tu. Mwanza ina makaburi ya Igoma, ya watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na wapo ambao hawakuopolewa kabisa. Mwaka 2018 ikawa zamu ya kivuko cha MV Nyerere kule Ukara. Ukimwambia mama wa watu hao kwamba mwili ni nguo tu, umemwambia kwamba alichokitafuta ufukweni siku zote zile hakikuwa na maana.

Yule mzee ndiye aliyenifungulia Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Jioni nikamsomea bibi. Akanyamaza, halafu akauliza, "Pameandikwa bahari. Ziwa je?"

Sikuwa na jibu. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kwamba maji yale yale ya Galilaya, ambayo Mathayo anayaita bahari, Luka anayaita ziwa. Nikamfungulia Luka 5:1-2, pale Bwana amesimama kando ya ziwa la Genesareti na wavuvi wanaosha nyavu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akanipa niuweke hapo kwenye ukurasa.